Somo anataka maua, mkwe anataka nyuzi, mashosti wanataka piko

*Shangazi, shikamoo. Naolewa Ijumaa ya mwezi ujao hapa Tanga. Somo yangu, kungwi anayenifunda, anataka hina ya maua makubwa ya kwetu, tena siku mbili kabla. Mama mkwe ni Mhindi, anataka michoro myembamba ya kwao, hadi kiwikoni. Mashosti wanasema nipake piko asubuhi ya harusi, yaishe. Nimsikilize nani?* – Mwali, Tanga

Marahaba mwanangu. Somo na mkweo wanagombania jani moja, hao watapatana. Wa kuwakatalia ni mashosti.

Piko inayoshika nyeusi ndani ya saa moja ni rangi ya nywele, na kwa kawaida ina kemikali ya PPD. Ulaya inaruhusiwa kwenye rangi za nywele, isizidi asilimia 2. Ngozini ni marufuku. Malengelenge yanaweza kuchelewa siku kadhaa, yakakukuta fungateni, na kovu likabaki na umbo la ua lile lile. Mwili ukishaikataa, na rangi za nywele nazo huenda usiziweze tena maishani.

Hina ya kweli hutoka na rangi ya chungwa, ikakolea baada ya saa 48 hivi. Kwa hiyo somo ana hesabu yake, si ukaidi wa kizee.

Singo (kusuguliwa mwili) na kutoa nywele zimalizike Jumatano mchana, maana ukisugua baada ya hina unaiondoa rangi. Asubuhi hiyo changanya gramu 100 za unga wa hina na maji ya ndimu hadi uwe uji mzito, sukari vijiko viwili, funika. Kwa joto la Tanga, saa sita hadi nane zinatosha: tone likikaa kiganjani dakika 5 na kuacha chungwa, tayari. Chuja kwa soksi ya nailoni, la sivyo koni ya kuchorea itaziba katikati ya ua. Chorwa baada ya isha, kwangua kabla ya alfajiri ili udhu ushike, paka mafuta ya nazi. Ukitawadha, gusiza taulo tu.

Viganjani mpe mkweo: ngozi nene hukoleza hata mstari mwembamba. Mgongo wa mkono ni wa somo, kwani hapo ngozi haishiki sana na maua mapana ndiyo huonekana. Kuelekea kiwikoni rangi itapauka. Mwambie mkweo mapema asije akadhani umembania.

Na mchoraji akija na koni zake nyeusi zenye harufu ya petroli, mpe zako.