Maswali ya Wasomaji: Hao Maarkoni Wanaotawala Dunia Ni Kina Nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi niko Masasi, msimu huu wa korosho tunalinda ghala usiku na kijana mmoja ana klipu kibao kwenye simu, zinasema dunia inatawaliwa na maarkoni saba wako kwenye sayari, ukifa wanakudaka wanakurudisha huku huku. Sasa kuna mtu mtaani anatoza elfu ishirini anafundisha maneno ya siri ya kuwapita. Mke wangu mjamzito, siku hizi hataki hata taa izimwe. Ni kweli hii kitu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo elfu ishirini usiitoe, mnunulie mama kijacho samaki.

Habari za maarkoni, neno la Kigiriki maana yake watawala, zipo kweli kwenye maandishi ya zamani ya Wagnostiki, watu walioamini kwamba roho inaokolewa kwa maarifa ya siri, wengi wao walijiita Wakristo, na askofu Irenaeus wa Lyon aliandika kuwapinga kwenye mwaka 180 hivi. Kwa muda mrefu walijulikana zaidi kwa maneno ya wapinzani wao, mpaka 1945 wakulima wa Nag Hammadi kule Misri walipokuwa wanachimba mbolea wakakuta mtungi wenye vitabu vya Kikopti, lugha ya zamani ya Misri.

Kwenye kimoja kiitwacho Kitabu cha Siri cha Yohana ndo stori yenyewe ipo. Sophia, yaani Hekima, alizaa peke yake bila ridhaa ya mwenziwe, akatoka kiumbe mwenye mwili wa nyoka na uso wa simba, jina lake Yaldabaoth, mama mtu akamficha kwenye wingu. Huyo akajitengenezea watawala wenzie, saba wakapewa mbingu saba, kuna mwenye uso wa kondoo, wa punda, wa fisi, wa nyani. Halafu akatangaza yeye ni mungu mwenye wivu na hakuna mwingine. Na kitabu kinauliza hapo hapo, kama hakuna mwingine huyo wivu anamwonea nani? Yaani mkubwa wao mwenyewe hajui alikotoka!

Wakamuumba Adamu, malaika 365 kila mmoja na kiungo chake, huyu nyusi, huyu goti, huyu kucha, na walipomaliza mwili ukalala tu chini, haunyanyuki. Yaldabaoth akashauriwa aupulizie usoni, akapuliza, kumbe ile pumzi ni nguvu ya mama yake imemtoka imeingia kwa Adamu. Mtu akasimama, akawa na akili kuwazidi waliomuumba, wakaanza kumwonea wivu. Hapa ndo klipu zinapopotosha mwanangu, maana zinakuonyesha watawala wenye nguvu na binadamu mnyonge, wakati kitabu kinasema nguvu iko kwa binadamu na wao ndo wameipoteza.

Hilo la kurudishwa lipo pia, ila wanakata nusu. Roho iliyosahau inafungwa na kuzungushwa mpaka izinduke ipate maarifa, ikishapata inaokolewa.

Na hayo maneno ya siri? Kwenye Ufunuo wa Kwanza wa Yakobo, kitabu kingine cha huko Nag Hammadi, maarkoni wanaitwa watoza ushuru, ni kama geti la ushuru wa mazao njiani, unaulizwa we nani, umetoka wapi, unaenda wapi. Jibu lenyewe ni kwamba mimi ni mwana, nimetoka kwa Baba, narudi nilikotoka. Limechapishwa miaka mingi, kila mtu anasoma bure. Anayekuuzia anakuuzia woga, na waandishi wale walikuwa wanauondoa woga. Msomee mkeo hiyo ya Adamu kusimama.

SWALI: Mwalimu mie Muislamu wa Lindi mjini, hao si majini tu wamebadilishwa jina?

JIBU: Hapana ndugu yangu. Majini kwa mujibu wa Kurani wameumbwa na Mwenyezi Mungu kwa moto, na wapo wema wapo waovu, hawajaumba mbingu wala mtu. Maarkoni wanadai wao ndo waumbaji, hapo imani yako na hiyo zinaachana kabisa, na hata makanisa yaliikataa tangu mwanzo. Wala usiwachanganye na mashetani ya vinyago vya Wamakonde kwa sababu ya nyuso za wanyama, ile ni sanaa ya kwetu ya karne ya 20 na ina mambo yake. Kinachofanana kidogo na majini ni kwamba hata maarkoni sio wote wabaya hadi mwisho, yupo Sabaoth, mtoto wa Yaldabaoth, alitubu akamkana baba yake akapandishwa mbingu ya saba.

SWALI: Niko Mikindani, nataka kusoma mwenyewe, nianzie wapi?

JIBU: Kama Kiingereza kinapanda, tafuta mkusanyo wa maandishi ya Nag Hammadi uliohaririwa na James M. Robinson, ulitoka 1977. Anza na Kitabu cha Siri cha Yohana, kisha kile kinachoitwa Uhalisi wa Watawala, kifupi tu, na mwanzoni kinataja maneno ya Waefeso 6:12 kuhusu kushindana na mamlaka za giza, kwa hiyo soma na Biblia yako ikiwa wazi pembeni.