Programu ya randevu kwa sauti: iulize yenyewe, mgonjwa asikariri amri

Ndugu yangu, umeuliza muweke amri ngapi za sauti katika programu ya randevu, yaani miadi ya kuonana na daktari, mnayovitengenezea vituo vya afya hapa Bukavu, ili sisi tusioona tuitumie bila kushikwa mkono. Mimi sioni, simu yangu naiendesha kila siku kwa TalkBack, programu ya Android inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, na nakujibu kutokana na hayo.

Msimpe mgonjwa amri za kukariri hata moja. Mama mwenye homa, mtoto mgongoni, hatakumbuka kwamba lazima aseme "fungua kalenda". Programu ndiyo iulize, swali mojamoja: unataka kuonana na nani, siku gani, asubuhi au mchana? Kisha ipokee jibu lolote lenye maana hiyo. "Randevu", "miadi", "nataka kumuona dokta", yote yafungue mlango mmoja.

Siku na saa ndipo mambo huharibika, kwa hiyo kazi yenu kubwa iwe hapo. Mtu wa Kadutu, hapa hapa Bukavu, atasema "siku ya ine" akimaanisha Alhamisi. Mfumo uliofundishwa Kiswahili cha Dar es Salaam ukidaka "nne" tu, utamwandikia Jumanne, siku mbili kabla. Mwingine atachomeka "jeudi", Alhamisi ya Kifaransa, katikati ya Kiswahili chake. Huyu atasema saa mbili asubuhi, yule "huit heures", na zote ni 8:00 kwenye kalenda ya daktari. Jaribuni kwa sauti za watu wa Kadutu, Bagira na Ibanda, pamoja na wazee ambao nyumbani huongea Mashi. Na kabla ya kuhifadhi, programu irudie: "Alhamisi, siku ya ine, tarehe 14, saa mbili asubuhi. Ni sawa?" Kufuta randevu nako kuthibitishwe hivyohivyo.

Wanaoona husahau jambo hili: maikrofoni inaisikia TalkBack. Ikifunguliwa wakati swali bado linasomwa, programu itayachukua maneno yake yenyewe kama jibu langu. Acheni usomaji uishe, utoke mlio mfupi na mtetemo, ndipo msikilize. Wala msikate mapema. Mwenye kigugumizi, au aliyepatwa na kiharusi, anahitaji muda, na kimya chake kisihesabiwe kuwa "hapana".

Vitufe navyo viwe na majina. WCAG 2.1, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 wa kufanya tovuti na programu zitumike na wenye ulemavu, unataka maneno yanayoonekana kwenye kitufe yawemo pia katika jina lake la ndani, lile linalosomwa na simu, ili asiyeweza kutumia mikono atamke anachokiona na kitufe kiitike. Kwetu tusioona, kitufe chenye jina zuri mara nyingi kinatufaa kuliko amri yoyote.

Halafu siri. Nyumba zetu zimebanana. Simu ikitamka "randevu yako ya VIH", yaani virusi vya UKIMWI, jirani akisikia, mgonjwa huyo mmempoteza. Kikumbusho kitaje siku na saa basi. Mengine mgonjwa ayaombe mwenyewe.

Kila swali lijibike pia bila kusema, kwa kugusa au kuandika, kwa ajili ya kiziwi na kwa aliye katikati ya kelele za soko. Na mama wa Kabare mwenye simu ya vitufe, asiye na mega za intaneti, apige namba, asikie maswali yaleyale, abonyeze 1 au 2.