Mwacheni na Bwana Msa wake

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia jambo moja: mtoto au mtu mzima mwenye usonji (kwa Kiingereza "autism") aliyemganda mhusika wa katuni, wa hadithi au wa sinema, na hana jengine la kuzungumza. Nimechagua zile zenye la kutufaa sote. Ama nyinyi mlioniuliza tena kama chanjo inaleta usonji: haileti. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 iliyozusha maneno hayo ilifutwa mwaka 2010 na jarida lile lile lililoichapisha, na mwaka huo huo mwenyewe akaondolewa kwenye daftari la madaktari Uingereza. Kawachanjeni watoto.

Mwanangu wa kiume ana miaka sita. Hana sentensi yake mwenyewe, kila anachosema kimetoka kwenye katuni ya simba anayoipenda, tena kwa sauti ile ile. Mwalimu wake kaniambia nimkataze, eti ndiyo inayomzuia kusema. Wiki iliyopita aliumwa na jino, akawa anazunguka ukumbini "fisi wanakuja, fisi wanakuja", tukacheka, tukamzimia televisheni. Nifanye nini? (Mama, Wete)

Usimkataze. Hayo ndiyo maneno aliyonayo, na ukiyaziba hayatakuja mengine kushika nafasi yake.

Hilo la jino umelipita haraka, na mimi ndilo lililonisimamisha. Alikuwa akikwambieni anaumwa. Fisi wakija katika katuni ile, mtoto wa simba huogopa na huumia. Mwanao kaitafuta sentensi yenye maumivu ndani yake, kaipata, kaileta kwenu, na nyinyi mkamzimia televisheni. Mpeleke kwa daktari wa meno kama bado hujampeleka.

Daktari Leo Kanner, alipoandika mwaka 1943 juu ya watoto 11 aliowaangalia Marekani, aliona tayari kwamba wanarudia maneno waliyoyasikia. Kwa miaka mingi baada yake watu wakalifanya jambo hilo ni ukasuku tu, la kuzuiwa. Kwenye miaka ya 1980 mtaalamu wa lugha na mawasiliano Barry Prizant na wenzake wakawarikodi watoto wanaorudia maneno, wakatazama kila mara nini kilitangulia na nini kilifuata. Wakakuta maneno hayo yana kazi: mtoto anaomba, anakataa, anaitikia, anajituliza.

Basi fanya kama wao. Kaa naye uitazame hiyo katuni mpaka uijue. Weka daftari, upande mmoja andika alichosema, upande wa pili andika kilichokuwa kikitokea nyumbani saa hiyo. Baada ya muda utajua sentensi gani ni njaa, ipi ni usingizi na ipi ni "mnapiga kelele". Akisema "fisi wanakuja" huku ameshika shavu, mwambie kwa utaratibu: "Jino linauma." Usimlazimishe arudie. Ataichukua mwenyewe siku atakayoihitaji.

Mwandishi wa habari wa Marekani, Ron Suskind, alieleza mwaka 2014 habari ya mwanawe Owen, ambaye maneno yalimpotea alipokaribia miaka 3 akabakiwa na filamu za Disney. Siku moja baba alijificha chini ya shuka, akavaa mkononi karagosi wa Iago, yule kasuku wa Aladdin, akaigiza sauti yake, akamuuliza mtoto anajionaje kuwa Owen. Owen akamjibu kasuku kwamba hana raha, kwa sababu hana marafiki. Jibu hilo asingempa baba. Na mwalimu wa mwanao msomee haya.

Simu ndiyo iliyomletea mwanangu usonji? (Baba, Fuoni)

Hapana, kazaliwa nao. Swali hili naletewa kila mara, hubadilishwa jina la kifaa tu.

Lakini simu ina hatari nyengine ambayo hukuiuliza. Mtoto anayejulikana mtaa mzima kwamba anampenda shujaa fulani ni rahisi kuvutwa na mtu mzima mwenye nia mbaya: atajifanya yeye ndiye shujaa huyo, au ana picha zake nyumbani. Watoto wenye usonji wengi huchukua neno kama lilivyosemwa, hawafikirii kwamba mtu anaweza kuwaongopea. Jua anazungumza na nani kwenye simu. Na mfundishe hili kwa maneno machache yasiyobadilika: shujaa wa kweli hakwambii umfiche mama siri.

Mjukuu wangu wa kike ana usonji. Kila jioni yuko uani peke yake anazungumza na Sungura, anamjibu, anacheka. Hadithi za Sungura nilimsimulia mimi. Majirani wanasema ana sheitani akazinguliwe, mama yake hataki. Nani mwenye haki? (Bibi, Chake Chake)

Shikamoo bibi. Mama yake.

Mjukuu wako anazirudia hadithi ulizompa mwenyewe, na huo ni ushahidi kwamba alikuwa anakusikiliza hata pale alipokuwa hakutazami usoni. Kaa karibu naye jioni moja, umwambie "Paukwa!" halafu unyamaze. Naamini ataitika "Pakawa!" na usiku huo mtakuwa wawili uani.

Kumsomea mtoto Qur'ani kwa upole na kumuombea dua hakuna aliyekukataza. Ninachokikataa, na nitakikataa maisha yangu yote, ni kumfukiza moshi wa pilipili, kumchapa bakora ili "aliyemo atoke", na kumfunga. Hiyo ni dhulma kwa mtoto yeyote. Kwa mtoto ambaye harufu ya sabuni mpya tu inamtoa machozi, ni mateso yasiyo na mfano.

Kitu kimoja kiangalieni. Ikiwa anakatika ghafla katikati ya neno, macho yanabaki mahali pamoja, hasikii akiitwa, au anatetemeka, hayo hayahusiani na Sungura. Kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko wengine, na kina dawa. Hospitali, bila ya kuchelewa. Vivyo hivyo akianza kutishika na sauti asizozitaka.

Nina miaka 24, nilipimwa Dar es Salaam nikaambiwa nina usonji. Tangu darasa la saba nampenda Bwana Msa, yule mpelelezi wa vitabuni. Vitabu vyake navisoma kwa zamu, kikimalizika cha mwisho narudi cha mwanzo. Nikiwa na jambo gumu najiuliza yeye angelifanya nini. Ami yangu anasema hizi ni akili za kitoto, niviuze vitabu nitafute mke. Nina kasoro? (Kijana, Jang'ombe)

Huna kasoro, na vitabu usiviuze.

Umempenda mtu wa kwenu. Muhammed Said Abdulla alimtoa Bwana Msa kwa mara ya kwanza katika "Mzimu wa Watu wa Kale", mwaka 1960, akaendelea naye hadi miaka ya 1980. Wazee wetu wengi walivisoma vitabu hivyo skuli, na ami yako sitashangaa kama alikuwa mmoja wao.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa na nadhani naelewa kwa nini yeye. Mtu wa barazani leo anakucheka, kesho kakununia, na hakuna anayekwambia ulimkosea nini. Bwana Msa ukimfungua leo na ukimfungua mwakani ni yule yule, na kiko chake, na mwenzake Najum pembeni haelewi kinachoendelea. Halafu mwishoni anakaa chini na kueleza kila kitu: nani alifanya, kwa nini, na alama gani zilikuwepo tangu mwanzo ambazo wengine hawakuziona. Watu wengi wenye usonji wanatamani walimwengu wawaeleze mambo namna hiyo, na walimwengu hawawaelezi. Katika vitabu vile unaelezwa. Unapojiuliza Bwana Msa angelifanya nini, unatumia njia uliyojitengenezea mwenyewe ya kutulia na kupanga fikra. Ni njia nzuri. Mambo ya mikopo na mikataba, lakini, mwulize na mtu wa nyumbani unayemwamini.

Mwaka 2005 watafiti Dinah Murray, Mike Lesser na Wenn Lawson, ambaye mwenyewe ana usonji, waliandika kwamba umakini wa mtu mwenye usonji haugawanyiki vipande vipande. Hukusanyika kwenye mambo machache, na kwa nguvu. Ndiyo maana unapokatizwa katikati ya ukurasa unaumia kwelikweli, na ndiyo maana unaijua kila sura kwa moyo. Vyote viwili vinatoka mahali pamoja.

Mwambie ami yako, kwa adabu, atembee jioni hadi baraza yoyote ya Ng'ambo. Atakuta watu wazima wenye wake na wajukuu wanagombana juu ya goli la Manchester United la miaka ishirini nyuma, nani alitoa pasi na dakika ya ngapi. Hakuna aliyewaambia wana akili za kitoto, wala aliyewaambia wauze fulana zao.

Mke ni jambo jengine, na utampata au hutampata kwa sababu zile zile wanazopata na kukosa wenzako. Ila ukimposa mtu, awe anajua. Atakayeolewa nawe akitarajia kukubadilisha atawatesa nyote wawili. Na ukizungumza na watu, uliza kwanza: "Nikusimulie ya Bwana Msa, au umechoka?" Akisema amechoka, amechoka tu, hajakukataa.

Jengine ambalo hukuuliza. Siku ukifungua kitabu ukahisi hakikwambii kitu, wiki ikapita, na ya pili, huli vizuri wala hulali, usikae kimya. Sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, huwapata sana watu wenye usonji, na mara nyingi alama yake ya mwanzo ni kufa kwa lile jambo walilolipenda. Familia hufurahi: "Alhamdulillah, kakua." Hakukua, anaumwa.

Kuna mtu anauza matone ya kumaliza usonji, chupa ni ghali lakini anasema yamewasaidia wengi. Ninunue? (Baba, Konde)

Usinunue. Hakuna dawa inayoondoa usonji. Matone ya namna hiyo yaliyouzwa nchi nyengine yalikuwa ni kemikali ya kupaushia, na watoto waliunguzwa matumbo.

Nasomesha darasa la tano. Mwanafunzi mmoja wa kike anachora shujaa wa katuni za Kijapani kila ukurasa wa daftari la hesabu. Mpole, hana shoga, ila mtu akikosea jina la shujaa huyo anamsahihisha kwa ukali. Ni usonji au ukaidi? (Mwalimu, Mkoani)

Ukaidi sio. Kama ni usonji, mimi siwezi kuujua kwa barua na wewe usimpachike jina mbele ya darasa. Kumpenda sana mhusika peke yake hakutoshi. Anayepima hutazama pia namna mtoto anavyowasiliana na wenzake tangu utotoni, na mambo mengine mengi.

Ila umefanya vyema kumwona, maana wasichana hupitwa. Wale 11 wa Kanner, 8 walikuwa wavulana, na tangu hapo picha ya usonji vichwani mwa watu ni mvulana anayependa magari na ratiba. Msichana anayependa mhusika wa hadithi anaonekana kama wenzake wote. Tofauti iko kwenye uzito: wenzake wanampenda shujaa leo na kesho wamehamia kwa mwengine, yeye ana mmoja, na ndiye anayemjazia mahali pa shoga. Wengine hujifunza hata kuzungumza na kucheka kwa kumuiga mhusika, wakirudi nyumbani wameishiwa nguvu, wanalia bila ya sababu inayoonekana.

Usimchanie kurasa. Mpe daftari la pili la kuchorea, na hesabu ziingize shujaa: ana maadui 48, kawagawa makundi 6. Muombe awachoree wenzake picha ya hadithi ya somo la Kiswahili. Halafu zungumza na mzazi, na mwulize mwalimu mkuu akuunganishe na kitengo cha elimu mjumuisho cha wizara. Kipo kwa ajili hiyo.

Mwanetu akikosea tunamficha Spider-Man wake siku nzima. Analia mpaka anajipiga kichwa ukutani. Tuongeze siku? (Wazazi, Mwanakwerekwe)

Hapana. Mrudishieni leo.

Barua ya namna hii haikosi kila ninapogusa usonji, na nimechoka kuijibu, kwa sababu jibu halijawahi kubadilika. Huyo Spider-Man ndiye anayemtumia kutulia. Mnampa mtoto mshituko, halafu mnamnyang'anya kitu pekee kinachomtoa kwenye mshituko, kisha mnahesabu kilio chake kuwa ni utovu wa adabu. Anachojifunza hapo ni kwamba nyinyi si watu wa kuaminiwa na kile akipendacho, na kesho atakificha. Kosa lishughulikieni kama kosa: kamwaga maji, afute.

Mipaka anaihitaji, na itangazeni mapema, kwa picha ikiwezekana: kwanza kula, halafu Spider-Man, halafu chuo cha Qur'ani. Mpaka unaojulikana tangu asubuhi ataushika. Unaozuka kwa hasira za baba hataujua ni mpaka.

Mwanangu aliyemganda mhusika wake atakuja kuwa jiniasi? (Mama, Bububu)

Baadhi yao ndiyo, wengi hapana, kama watoto wengine. Asipopata hata shilingi kwa huyo mhusika bado ana haki ya kumpenda.

Tunasafiri kwa boti kutoka Mkoani kwenda Unguja kumpeleka mwanetu hospitali, tutafikia kwa wakwe. Hapandi chombo bila ya fulana yenye picha ya shujaa wake, na imechakaa, kola imekatika. Naona haya. (Mama, Kengeja)

Mvishe. Bandarini kuna makelele, mizigo, watu wanasukumana, na injini inanguruma chini ya miguu yake. Halafu mwisho wa safari ni sindano. Fulana hiyo ndiyo kitu pekee siku nzima anachokijua. Wakwe wapigie simu kabla, uwaambie atakuja hivi na kwa nini, ili asiulizwe mlangoni. Mwonyeshe picha za boti tangu sasa, na mtafutie cha kuziba masikio.

Na tafuta fulana ya pili ya picha ile ile kabla hii haijakwisha. Ikate kitambaa cha lebo cha shingoni, ifue mara nyingi mpaka ilainike, halafu iweke karibu na ya zamani kabatini ili zipate harufu moja. Ukimletea mpya siku ya safari, hatopanda.