Kwa nini wilayani tunang'oa tu: jibu kwa anayetaka kusomea meno

Mleta mada kauliza mawili. Mdogo wake kamaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), je, asomee udaktari wa meno? Na kwa nini kila akienda hospitali ya wilaya na jino bovu anang'olewa badala ya kuzibwa? Mimi ni daktari wa meno, nimesoma Muhimbili, nikafanya kazi wilayani kabla ya kuhamia mjini. Kwangu hayo mawili hayatengani.

Nianze na shule. Ni miaka mitano, halafu mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo ndipo usajiliwe na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwanzoni mnasoma mwili mzima wa binadamu kama wenzenu wa udaktari. Baadaye mnachonga na kuziba meno ya plastiki kwenye kichwa bandia, mpaka mkono utulie. Ndipo mnaingia kliniki, na hapo ndipo mlango unapokuwa mwembamba. Kila mwanafunzi anahitaji kiti chenye taa, maji na hewa ya kompresa, ile mashine ya hewa inayoendesha kifaa cha kuchongea jino, mwalimu wa kumsimamia, na mgonjwa aliye tayari kukaa saa mbili kwa kazi ambayo mzoefu angeimaliza kwa nusu saa. Kuna idadi ya kuziba, ya kutibu mizizi na ya meno bandia ambayo lazima uitimize. Tulikuwa tunawapigia wagonjwa simu kuwasihi warudi, wengine tukiwatumia nauli. Wanafunzi wa sheria unaweza kuwajaza ukumbini ukawafundisha, wa meno huwezi. Muhimbili ilianza kufundisha kozi hii mwaka 1979, na kwa miongo mingi ndiyo ilikuwa shule pekee ya shahada hiyo kwa nchi nzima. Uchache wetu umeanzia hapo.

Lakini hata hao wachache, waulize wanachokuta wilayani. Nilikopangiwa kiti kilikuwepo, kizuri tu, ila kompresa ilishakufa na kipuri hakikupatikana. Vilivyobaki ni koleo na ganzi. Anakuja binti wa shule, jino la mbele limetoboka kidogo, la kuzibwa kabisa. Unamweleza mama yake: ama nauli ya kwenda mkoani, ama ling'oke leo. Mama anaangalia pochi yake, anasema, "Ng'oa tu daktari." Ukifanya hivyo mwezi baada ya mwezi, mkono uliofundishwa kuokoa meno unaanza kusahau. Wenzangu wengi waliondoka kwa sababu hiyo, kwa hiyo nakasirika nikisikia tunakimbilia mijini kwa tamaa ya hela.

Na pasipo na mtu wa meno, pengo halibaki wazi. Wengi humu mmesikia habari za "meno ya nailoni", ile imani kwamba uvimbe kwenye fizi ya mtoto ndio unaomletea ugonjwa. Mtoto mchanga anaharisha na ana homa, fizi zimevimba pale chonge litakapoota, basi anapelekwa kwa mtu wa kumkwangua fizi kwa kisu au spoku ya baiskeli. Nimewapokea watoto hao wakivuja damu, wamepauka, na ile homa iliyowapeleka huko haijatibiwa. Siwalaumu mama zao hata kidogo, maana hapakuwa na mtu wa karibu wa kuwaambia kwamba lile ni jino linalojiandaa kuota.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba njia ya kuziba bila umeme ilianzia hapahapa kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, aliona mashine za kubebeka hazifai mahali pasipo na umeme wala maji ya bomba. Akaanza kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono tu na kuziba tundu kwa simenti ya kawaida ya meno. Leo hutumika simenti ya glasi ionoma, inayoshika jino yenyewe, na mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza simenti hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Mganga mfawidhi wetu alipokubali tuiagize, tulianza kuziba meno ya watoto dirishani, kwa mwanga wa jua. Tundu kubwa lililofika kwenye kiini cha jino, penye neva, haliponi kwa njia hii. Madogo, ambayo ndiyo mengi kwa watoto, yanapona.

Aliyenionyesha kuifanya vizuri ni tabibu wa kinywa na meno, mwenye diploma, mzee wa kazi aliyeibeba idara ile peke yake kabla yangu. Nilimwita mwalimu na bado namwita hivyo. Wilaya nyingi zinaishi kwa watu hao, na kupanua vyuo vyao, kama cha Mbeya, kungewafikia wananchi upesi kuliko kusubiri sisi wa miaka mitano.

Kwa hiyo mdogo wako asome, na akikosa nafasi ya shahada asidharau diploma. Kabla ya kujaza fomu, aombe ruhusa akae asubuhi moja kliniki ya meno ya wilaya yenu. Na wewe mleta mada, siku nyingine ukiambiwa jino ling'oke, uliza kama simenti ipo. Kama haipo, lipeleke swali hilo kwa diwani wako, kwa sababu vifaa vya hospitali ya wilaya hupita kwenye bajeti ya halmashauri, na sijawahi kusikia diwani akiulizwa kuhusu kompresa.