Mdogo wangu, hiyo laki tano usiitie kwenye mzigo feki

Juzi usiku nimepata meseji ya mdada mmoja ananifuatilia muda mrefu, anasema dada shikamoo, nimejichanga nimefika laki tano, nataka nianze kuuza chaja na earphone Insta, kuna jamaa Kariakoo ananipa za kopi bei chee na zinatoka sana, unanishauri nini? Nikamjibu asithubutu, akauliza kwa nini, nikaona bora niandike hapa maana najua hayuko peke yake, wote tunatafuta hela na wote tunataka biashara ikue.

Mi nimeuza feki. Miaka miwili na ushee. Nilikuwa sijawahi kusema wazi, leo nasema.

Nilianza baada ya kuachishwa kazi, nina mtoto na mwenye nyumba anadai kodi. Alfajiri nawahi Kariakoo, kule Aggrey na Likoma kwenye vitu vya simu, napanda ghorofani kwa muuzaji wa jumla niliyekuwa namwita kaka. Chaja nachukua elfu nne nauza elfu thelathini. Hebu piga hesabu mwenyewe uone kwa nini mtu anapofuka. Boksi linang'aa, na stika unapewa pembeni kwenye karatasi ukabandike nyumbani. Hapo nisikilize vizuri. Mtoto akishalala nilikuwa nakaa sebuleni nabandika nembo ya kampuni kubwa ya simu kwenye chaja ambayo haikuwa na jina lolote, naipiga picha juu ya kitambaa cheupe, naandika "OG kabisa, waranti mwaka mmoja". Kidole gumba kinanata gundi mpaka asubuhi. Sikudanganywa na mtu kwamba ni orijino, aliyekuwa anadanganya ni mimi.

Kulikuwa na mama mmoja wa Tabata, mteja wangu wa siku nyingi, alikuwa ananiletea hadi majirani zake. Siku hiyo hakupiga simu, alikuja mwenyewe na mfuko wa rambo. Ndani kuna chaja imeyeyuka nusu, pini moja haipo, imebaki kwenye extension kwake. Kijana wake alikuwa anachaji simu kitandani, akatoka kwenda chooni, kurudi anakuta godoro linafuka moshi. Mama hakupaza sauti. Akasema, "Mwanangu, si uliniambia hii orijino?" Nikamrudishia elfu thelathini yake, akaihesabu taratibu, akaikunja kwenye kanga, akaniuliza, "Na godoro?"

Godoro nililipa. Ila majirani zake wote walipotea, na yeye nikimtumia salamu za sikukuu hajibu mpaka leo.

Ile chaja nilimpelekea fundi akaifungua mbele yangu. Akanionyesha upande wa umeme wa ukutani na upande unaoenda kwenye simu vimekaribiana kama unywele, wakati vinatakiwa vitengane kwa nafasi, ndo maana ikipata moto kidogo tu umeme unaruka. Nikampa nyingine nzima kutoka kwenye mzigo wangu, ile nzito niliyokuwa nawaambia wateja "sikia uzito huo". Ndani kulikuwa na kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi. Hakina kazi yoyote, kimewekwa ili mkono wako uamini. Nilikaa pale kwa fundi nikalia.

Unadhani niliacha? Sikuacha, nilikuwa na katoni mbili nimeshalipia. Siku niliyoenda kuzichukua ndo siku maafisa wamepanda kule juu na mtu wa kampuni yenye nembo yake. Yule kaka nikamwona kwa macho yangu ananinyooshea kidole anasema huyu simjui, labda mwizi tu. Mtu niliyekula naye futari! Katoni zikaenda, milioni moja na laki mbili, nikashinda natoa maelezo toka saa nne hadi giza linaingia na mtoto shule hana wa kumchukua. Hela nimeshaisamehe, ile "simjui" bado.

Sasa sheria, maana wengi mnajua tu "watakunyang'anya mzigo". Tanzania kuna Sheria ya Alama za Bidhaa, ipo tangu 1963, na FCC, yaani Tume ya Ushindani, ndo wanaoisimamia. Kubandika nembo ya mwenzio ni kosa, kuuza ni kosa, na mzigo ukithibitika feki unateketezwa. Ukiuzia mtandaoni unaongezewa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 24, ukivunja haki za nembo kibiashara faini haipungui milioni ishirini, au jela isiyopungua miaka mitano, au vyote. Na wewe mtaji wako laki tano! Kenya nako, kwa sheria yao ya 2008, kosa la kwanza ni hadi miaka mitano au faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja ya huo mzigo. Na ushahidi umewawekea mwenyewe, picha zako, bei zako, meseji za M-Pesa, vyote vina tarehe.

Na wateja nao wanaumia tusipopaona. Mnakumbuka Juni 2016 TCRA, wale wa Mamlaka ya Mawasiliano, walipozima simu feki? Watu walilala na simu wakaamka na kopo. Aliyewauzia alikuwa ameshakula hela zamani.

Tuliosoma madrasa tunaijua ile habari ya Mtume kupita sokoni akatia mkono kwenye lundo la nafaka, akakuta chini kumelowa. Akamuuliza mwenye mali kwa nini hukuiweka juu watu waione, anayetughushi si katika sisi. Boksi la nailoni ndo ile nafaka kavu ya juu ndugu zangu, acheni kujidanganya kwamba mnatafuta ridhiki. Mtoto unamlisha nini?

Sa hivi mwaka wa tatu nauza zisizo na jina kubwa, zenye alama ya TBS, Shirika la Viwango, risiti ninayo, faida elfu tatu nne kwa moja. Nina frem na wasichana wawili nimewaajiri, na nalala.

Wakati naandika hapa yule mdada kanitumia tena, anauliza je akiandika wazi "hii ni kopi gredi A" si atakuwa hajamdanganya mtu? Mdogo wangu, mteja hujamdanganya, lakini nembo bado ya watu na hukupewa ruhusa, kosa liko palepale, na moto hausomi kapsheni. Jumamosi nipo dukani, njoo na hiyo laki tano tuihesabu pamoja nikuonyeshe zangu, nitakufungulia moja uone ndani.