Zeze Langu na Kompyuta Yake: Je, Huu ni Ubia?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mpiga zeze wa hapa Dodoma. Mwanamuziki mmoja wa Ulaya, anayetengeneza kwa kompyuta muziki wa ambienti, yaani ule wa sauti ndefu zinazotanda taratibu, ameniomba nimtumie rekodi zangu ili tutoe albamu ya pamoja. Nimefurahi, lakini nahofia kugeuzwa kiungo katika mchuzi wa mtu mwingine. Nimuulize nini kabla sijakubali?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, hofu yako ni ya haki, na bahati nzuri njia hii ilikwisha kupitwa na mtu wa kwenu. Mwaka 2002 marehemu Mzee Hukwe Zawose, Mgogo aliyefanya kazi zake Bagamoyo, alitoa albamu iitwayo Assembly pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa na mtayarishaji kutoka Kanada. Itafute uisikilize, kwa sababu humo sauti ya Mzee na marimba yake vimekutana na gitaa na midundo ya kielektroniki, na jina lake limeandikwa jaladani pamoja na la mwenzake.

Hilo la jina si dogo. Mwaka 1980 mpiga tarumbeta Jon Hassell na Brian Eno, ambaye ndiye aliyelieneza neno ambienti katika muziki, walitoa albamu ambayo wengi huihesabu kuwa chanzo cha mkondo huu wote wa kuchanganya muziki wa asili na wa kielektroniki. Ngoma zake zilipigwa na Aiyb Dieng wa Senegali na Naná Vasconcelos wa Brazili, lakini mbele ya jalada yamo majina mawili tu, ya Hassell na Eno. Mimi naipenda sana albamu hiyo, na bado naona kwamba waliobeba mdundo walistahili zaidi. Basi swali lako la kwanza liwe hili: jina langu litakaa wapi, na mgawanyo wa mapato umeandikwa wapi?

La pili ni gumu zaidi, nalo ni la mkasi. Katika kazi ya namna hii mtayarishaji hurekodi sauti nyingi, kisha hukata, hurudia na kupanga upya, mara nyingi mwenzake akiwa mbali. Brook huyohuyo, alipokuwa akitengeneza Mustt Mustt ya mwaka 1990 na Nusrat Fateh Ali Khan, bingwa wa kawali, yaani nyimbo za ibada za Kisufi, kutoka Pakistani, aliunganisha vipande kwa namna iliyopendeza masikioni mwake, kumbe mahali pengine alikuwa amekata maneno katikati, na maana ikapotea. Nusrat hakulikubali jambo hilo, kwani kawali ni ibada na maneno yake si mapambo. Linalonivutia ni kwamba wawili hao hawakuachana. Walirudi studio, na mwaka 1996 ikatoka Night Song, safari hii ikiwa na majina yao yote mawili. Kwa maoni yangu ubia huanzia hapo, pale mwenye asili ya muziki anapoweza kusema hapana na mkasi ukasimama.

Kuna pia suala la ulinganishaji wa sauti, ambalo wageni wengi hawalijui. Ngazi ya sauti ya Kigogo, kama unavyoijua kwa masikio yako, hufuata sauti zinazozaliwa ndani ya mlio wa uzi mmoja, haifuati vipimo vya piano. Programu nyingi za kompyuta zinaweza kuinyoosha rekodi yako iendane na kinanda kwa kubofya mara moja tu, na zeze likabaki na umbo lake huku ladha imekwisha. Sinteseza, yaani kinanda cha kielektroniki, ndiyo inayoweza kusogezwa bila kuumia, kwa hiyo mwenzako ndiye amfuate mwenye zeze.

Ushauri wangu ni kwamba usimtumie hazina yako yote kwa mara moja. Mtumie kipande cha dakika mbili tatu, ukimweleza wimbo ni wa nini, iwe ni wa jando, wa mavuno au wa kumwomboleza mtu, kisha umwombe akurudishie alichokitengeneza. Kisikilize pamoja na mzee mmoja anayeujua wimbo huo. Akiutambua, endelea na mazungumzo ya mkataba.