Wasomaji Wauliza: Makasri na Makanisa Makuu ya Ufaransa

Mimi na mume wangu tutakuwa Paris mwezi wa tano. Tumetenga siku tatu za makasri ya bonde la mto Loire, na hatutaki kuendesha gari. Je, tutaweza? (Msomaji, Mombasa)

Mtaweza, ila msilale Paris mkawa mnakwenda na kurudi kila siku. Lalini Blois au Tours. Treni za mkoa, ziitwazo TER, hufuata mto na kusimama Blois, Amboise na Tours. Blois, kutoka kituoni hadi kasri ni dakika kumi hivi kwa miguu. Amboise, kituo kiko ng'ambo ya mto, kwa hiyo hesabuni dakika 20.

Angalieni sana treni ya kasi, TGV, inayotoka kituo cha Montparnasse, Paris. Nyingi hazifiki Tours mjini. Husimama Saint-Pierre-des-Corps, nanyi mnashuka hapo na kupanda treni nyingine ya dakika tano. Mkiendelea kukaa mkisubiri kusikia Tours ikitangazwa, mtashtukia mnakwenda Poitiers au Bordeaux.

Siku ya kwanza anzeni na kasri la Blois. Watu wengi hulipita mbio wakiwahi Chambord, nasi tunaona wanapoteza. Ukisimama katikati ya ua wake unazungukwa na majengo ya zama nne: ukumbi wa karne ya 13, upande wa matofali mekundu na mawe meupe wa mfalme Louis XII, upande wa mfalme François I wenye ngazi ya mzunguko iliyotokeza nje, na upande wa miaka ya 1630 uliojengwa kwa ajili ya Gaston d'Orléans, ndugu wa mfalme Louis XIII, ambaye fedha zilimwishia kabla hajamaliza. Mkishayatofautisha haya manne, makasri mengine yote mtayasoma wenyewe bila mwongozaji.

Siku ya pili, Chenonceau. TER kutoka Tours huchukua kama nusu saa, na kituo kiko karibu kabisa na lango. Kwenye mashine ya tiketi andikeni Chenonceaux, yenye x mwishoni, ndivyo kijiji kiandikwavyo. Wala msibonyeze Chinon, ambao ni mji mwingine upande mwingine kabisa wa Tours. Treni ni chache, Jumapili ndiyo zaidi, kwa hiyo tazameni saa ya kurudi kabla ya saa ya kwenda. Fikeni mlango unapofunguliwa na mwende moja kwa moja kwenye ukumbi uliojengwa juu ya mto Cher, vyumba vya kulala viwe baadaye. Ukumbi una urefu wa mita 60 na upana wa mita 6 tu, kwa hiyo makundi mawili ya watalii yakishaingia hauoni tena sakafu yake ya miraba myeusi na myeupe. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ulipangwa vitanda vya askari majeruhi. Katika Vita ya Pili, mto ulikuwa mpaka: mlango wa mbele ulikuwa upande uliokaliwa na Wajerumani, na mlango wa mwisho wa ukumbi ulitokea upande wa pili, ambao hawakuukalia.

Chambord, siku ya tatu, hakuna treni. Katika msimu wa wageni kuna basi kutoka kituo cha Blois, lakini safari zake kwa siku ni za kuhesabu. Nje ya msimu ni teksi, au baiskeli kwa wenye miguu, kama kilomita 16 za njia tambarare. Ujenzi ulianza 1519. Ngazi yake ya katikati kwa kweli ni ngazi mbili zilizojisokota pamoja: mmoja akipanda hii na mwingine akashuka ile, wataonana madirishani wasikutane. Leonardo da Vinci hutajwa kuwa ndiye aliyeibuni, lakini hakuna hati inayothibitisha. Msishangae vyumba vingi kuwa vitupu. Mfalme alikuja kuwinda akakaa siku chache, na samani zilisafiri naye.

Kuhusu chakula: jikoni za mikahawa hufunga saa nane mchana na kufunguliwa tena saa moja usiku. Anayetoka kasri saa tisa na njaa atapata kahawa na keki, basi.

Tuna watoto wa miaka 9 na 14. Wao hulipa kiingilio? (Msomaji, Dodoma)

Inategemea mwenye kasri. Makasri ya serikali, kama Chambord, Azay-le-Rideau na Angers, huwaingiza bure walio chini ya miaka 18. Chukueni pasipoti zao. Chenonceau ni mali ya familia ya Menier tangu 1913, na huko watoto wa umri huo hulipa. Kama ni lazima mchague moja kwa ajili yao, Angers ina minara 17 ya ngome halisi.

Nilikwenda kanisa kuu la Chartres. Ndani giza, na picha zangu za vioo vya rangi zote ni miraba myeupe iliyoungua. Nilikosea nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Simu yako ilipima mwanga wa ukuta, si wa kioo. Gusa dirisha lenyewe kwenye skrini, kisha shusha mwanga mpaka rangi zirudi. Ukuta utakuwa mweusi, uache. Flashi zima, haisaidii kitu, kwa sababu mwanga wa kioo hutoka nje.

Kisha kuna saa. Vioo vya kusini huwaka mchana. Vya magharibi, vile vitatu virefu juu ya mlango mkuu, huwaka kuanzia alasiri. Hivyo vitatu ni vya karne ya 12 na vilinusurika moto wa 1194 ulioteketeza sehemu kubwa ya kanisa. Buluu yake ni nyepesi kuliko ya vioo vilivyofuata. Upande wa kaskazini haupati jua moja kwa moja, na siku ya mawingu mepesi huonekana vizuri zaidi. Ukiingia, kaa kitini dakika kumi macho yazoee. Darubini ndogo inafaa kuliko kamera.

Madirisha mengi husomwa kutoka chini kwenda juu. Hapo chini kabisa tafuta mafundi na wafanyabiashara: mwoka mikate, fundi viatu, muuza manyoya, kila mmoja kazini.

Na ukienda tena, nenda Ijumaa kati ya Kwaresima na Oktoba. Siku nyingine njia ya mzunguko iliyochorwa sakafuni, yenye kipenyo cha karibu mita 13, hufunikwa na viti.

Kanisani kuna kiingilio? (Msomaji, Moshi)

Hakuna, utalipa tu ukitaka kupanda mnara au kuona hazina. Wakati wa Misa huruhusiwi kuzungukazunguka: ama usali, ama ungoje nje. Wanaume huvua kofia. Beba sweta hata mwezi wa nane.

Nitakodi gari. Kuna la kuhofia? (Msomaji, Kampala)

Kuendesha kulia utazoea kwa nusu saa. Hatari iko vijijini: kwenye njia panda isiyo na alama, anayetoka kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita kwanza, hata akitoka kichochoroni. Mwendo nje ya mji ni kilomita 80 kwa saa pasipo na kibao kingine. Beba kibali cha kimataifa pamoja na leseni yako, na kadi ya benki yenye namba ya siri, maana Jumapili vituo vingi vya mafuta huwa havina mtu, na mashine huzuia kwanza fedha nyingi kuliko mafuta utakayoweka. Tofauti hurudi baada ya siku kadhaa.